Barua ya Yeremia kwa Watu Walio Mbali na Kwao

Mazungumzo yaliyotolewa Kaberebere kwa niaba ya wazee wa makanisa ya Nakivale, Siku ya Wakimbizi Duniani

 

Tuliombwa tuseme juu ya kuishi imani katika maisha ya kila siku. Neno hilo ni pana, na mhubiri akipewa neno pana jua huzama angali anasema. Kwa hiyo tumechagua mahali pamoja tu, kitabu cha Yeremia, sura ya 28 na ya 29, kwa sababu sura hizo zinasema na mtu aliyefukuzwa kwao na hajui atarudi lini.

Watu wa Yuda walichukuliwa mateka mpaka Babeli, pamoja na mfalme wao Yekonia, karibu miaka 600 kabla ya Kristo. Walikaa huko wakingoja. Basi akatokea nabii mmoja jina lake Hanania, mtu wa Gibeoni, akatangaza ndani ya hekalu kwamba baada ya miaka miwili wote watarudi nyumbani na vyombo vyao. Hata akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, watu wakitazama. Mtajua wenyewe jinsi mkutano ulivyofurahi.

Tunapenda mtazame Yeremia alijibu nini. Hakumdhihaki. Alisema amina, akaomba Bwana afanye hivyo kweli. Naye pia alitamani watu warudi. Lakini baadaye akasema lile alilopewa, kwamba safari ni ndefu, miaka 70, na Hanania amewafanya watu waamini uongo. Hanania alifariki mwaka uleule, miezi miwili tu baadaye. Ndipo tunasoma ile barua aliyowapelekea mateka kwa mkono wa Elasa na Gemaria. Aliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, na wautafutie heri mji ule walikopelekwa, kwa kuwa heri ya mji ndiyo itakayokuwa heri yao. Kuna mtu alichukia barua hiyo, Shemaya, akaandika malalamiko Yerusalemu kutaka Yeremia afungwe. Neno la kuwaambia watu walime halipendwi siku zote.

Ndugu zetu, akina Hanania tunao. Wanakuja na maikrofoni, wanaita mikesha, wanasema mwezi huu hautaisha kabla hujapanda ndege. Wengine hawana hata Biblia, wana simu tu, nao wanasema wanamjua mtu anayeweza kusogeza jina lako mbele kwenye orodha ya kuhamishiwa nchi ya tatu, ila kuna pesa kidogo za kutuma. Tunasema wazi mbele ya wote: huduma za UNHCR haziuzwi. Anayekuomba pesa kwa jambo hilo ni mwizi, hata akiomba kwa kufunga macho na kuinua mikono.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Watu waliokuwa wamekwisha kupewa tarehe za ndege waliambiwa wangoje. Zipo nyumba zilizokuwa zimeuza mbuzi, magodoro na sufuria, zimeacha ploti bila kupandwa, na watoto wametolewa shuleni kwa sababu “tunaondoka”. Hatuwalaumu hao, walikuwa wameambiwa na ofisi, si na nabii. Lakini msimu uliopita bila mbegu haurudi, na njaa yake waliiona.

Kutumaini kuondoka si dhambi. Tunasema amina pamoja na kila mwenye faili, kama Yeremia alivyosema amina. Tunachokataa ni matumaini yanayomtoa mtu jembe mkononi.

Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Wanyarwanda waliofika miaka ile walidhani ni kwa muda mfupi. Wengi wao hawakurudi kwao mpaka mwaka 1994. Wakaja wengine baada yao, kutoka Kongo, Burundi, Rwanda tena, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Ukihesabu kutoka 1958, makazi yanakaribia miaka 70. Hatusemi huo ni unabii, msije mkaandika tarehe ukutani.

Na chakula kimepungua. Aprili 2020 WFP ilishusha mgao mpaka asilimia 70, Februari 2021 ukashuka tena mpaka 60. Mwaka 2023 tukagawanywa kwa makundi kulingana na hali ya kila nyumba, wengine wakatolewa kabisa. Mwaka 2025 waliotolewa nchini Uganda walifika karibu milioni moja. Hapa imani inapimwa kuliko kanisani. Nyumba mbili zinatazamana, moja ina mgao na nyingine imefutwa, moshi unatoka upande mmoja tu. Torati katika Walawi 19 ilimwagiza mwenye shamba asivune mpaka pembeni, amwachie maskini na mgeni. Ruthu aliishi kwa sheria hiyo, yeye mjane Mmoabu katika shamba la Boazi. Angalieni kwamba hakuletewa nafaka nyumbani. Aliachiwa mahali pa kuokota kwa mikono yake, na vijana wakakatazwa kumwaibisha. Msaada wa namna hiyo haumshushi mtu. Nasi ambao ploti zetu ni ndogo tunaweza kuacha mistari miwili ya maharage.

Kuhusu heri ya mji, mji wetu ni huu tuliomo leo. Kaberebere ndiyo inanunua mahindi yetu na kutuuzia chumvi, sabuni na majembe, na barabara yake ndiyo inatufikisha Mbarara mgonjwa akizidiwa. Mithali inarudia mara nyingi habari ya mizani ya udanganyifu kwamba ni chukizo kwa Mungu. Basi mnunuzi mwenye debe lililotanuliwa na muuzaji anayenyunyizia maharage maji ili yawe mazito wanasimama mstari mmoja, hata kama mmoja anaimba kwaya. Ng'ombe wa jirani Mnyankole akiingia shambani, usimguse kwa panga. Mwite mwenyekiti wa LC na mwenyekiti wetu wa RWC, waone hasara siku ileile, mimea ingali imelala chini. Na sisi tuache kukata miti ya watu usiku kwa ajili ya mkaa. Mwenye mti anajua ni nani, hata kama hasemi.

Kwa wafanyakazi wa mashirika tuna neno moja. Tunajua mikono yenu imefungwa na bajeti inayoamuliwa mbali. Lakini mtu akiuliza, mwambieni ukweli mapema. “Hapana” ya leo inampeleka mtu shambani. “Tutaangalia” inamkalisha mlangoni pa ofisi msimu mzima, na mvua hainyeshi pale.

Makanisa yetu tumekubaliana hivi. Mavuno haya ya Juni, kila mkristo aliyevuna maharage atatoa bakuli moja la mbegu, si yaliyotobolewa na wadudu, bali yale ambayo angeyapanda mwenyewe. Mama wa kila kanisa watayakausha na kuyahifadhi kwa majivu. Yatagawiwa nyumba zilizofutwa kwenye mgao, za dini yoyote na taifa lolote, kabla ya mvua za Septemba. Atakayepokea atarudisha bakuli mbili akivuna, ili mwingine apate. Majina yanaandikwa na wazee wa vijiji kuanzia Jumatatu, na anayeona haya kujiandikisha, jirani yake amwandikishe.