Kafara ya Damu na Wajibu wa Usharika Wetu

(Mada iliyotolewa katika semina ya maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika)



Kamati ya Jubilei imeniomba niseme juu ya jambo ambalo mihtasari ya vikao vyetu hulitaja kwa nadra, ingawa kila mmoja wetu amelisikia likinong'onwa: imani kwamba damu ya mwanadamu huleta mali, cheo au ushindi. Imani hii huua mara mbili. Humwua yule ambaye damu yake inatafutwa, na humwua pia yule anayedhaniwa kuitafuta.

Kafara ya binadamu si hadithi tupu. Nabii Yeremia, katika sura ya 7, anailaani Tofethi, katika bonde la mwana wa Hinomu karibu na Yerusalemu, ambako wazazi waliwateketeza watoto wao. Mfalme Yosia alipanajisi mahali pale ili pasitumike tena (2 Wafalme 23). Huko Karthago, katika Tunisia ya leo, mwaka 1921 iligunduliwa mitungi yenye mifupa iliyoungua ya watoto wachanga na ya wanyama. Wataalamu wangali wanabishana: je, watoto wale walitolewa kafara, au wengine walikufa kwa maradhi? Jibu la imani yetu, hata hivyo, ni la kale kuliko mabishano hayo. Katika nchi ya Moria mkono wa Ibrahimu ulizuiwa, na kondoo dume akachukua nafasi ya Isaka.

Mji huo wa Karthago ulitupatia pia mwalimu wa Kanisa, Tertullianus. Kiasi cha mwaka 197 aliandika kitabu cha kuwatetea Wakristo. Humo anasimulia jinsi watoto walivyotolewa kafara kwa mungu Saturnus katika Afrika. Lakini alilazimika kuandika kwa sababu Wakristo wenyewe walikuwa wakishtakiwa kwamba huua mtoto na kumla. Mashtaka ya namna hiyo yalikuwa yamekwisha kuchochea mateso ya Wakristo wa Lyon, katika Ufaransa ya leo, mwaka 177.

Kanisa lililosingiziwa hivyo, lilipopata nguvu, likasahau. Mwaka 1235, siku ya Krismasi, katika mji wa Fulda, Ujerumani, watoto watano wa msaga nafaka walikufa nyumba yao ilipoungua wakati wazazi wamekwenda kanisani. Wayahudi wakasingiziwa kwamba wamewaua ili wapate damu yao, na Wayahudi 34 wakauawa. Mfalme Mkuu Frederick wa Pili alifanya uchunguzi, na mwaka 1236 akatangaza kwamba hawana hatia. Kwani Torati yenyewe huwakataza kula damu, hata ya mnyama. Ukweli ulifika, lakini marehemu walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Nasi Walutheri tusiwanyoshee wengine kidole. Mwaka 1540 kilichapishwa kijitabu cha Andreas Osiander, mhubiri wa Nuremberg, kikipinga uzushi huo kwa hoja thabiti. Hata hivyo, mwaka 1543 Martin Luther aliyarudia masingizio hayo katika maandiko yake makali dhidi ya Wayahudi. Mwaka 1984, huko Budapest, Fungamano la Kilutheri Duniani lilijitenga waziwazi na maneno hayo. Kumheshimu baba wa imani si kuyabeba makosa yake.

Tugeukie nyumbani. Mumiani lilikuwa jina la dawa nyeusi mfano wa lami. Baadaye watu wakaamini kwamba ni damu ya binadamu iliyokaushwa. Kwa sababu ya hofu hiyo, mwaka 1959 umati ulimwua askari polisi huko Buguruni, Dar es Salaam. Katika miaka ya 2000, hasa Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, kwa kuwa wapiga ramli waliahidi kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Mwaka 2009 mahakama ilianza kutoa hukumu za kifo kwa wauaji. Katika kanda hiyo hiyo wanawake wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa kuni. Mpiga ramli ndiye anayemwelekeza mmoja kwa mwathirika wa kukatwa, na mwingine kwa mshukiwa wa kuuawa.

Nina ungamo langu. Nilipokuwa mchungaji kijana, mtoto alipotea katika mtaa mmoja wa usharika huu. Ilipofika jioni, watu walikuwa wameizingira nyumba ya mjane mzee, mshiriki wa Meza ya Bwana, wakisema amemtoa mtoto kafara. Miongoni mwao niliwaona niliowapa kipaimara. Nilisimama mlangoni, nikawasihi wangoje kuche. Sikuwaambia kwamba wanatenda dhambi. Asubuhi mtoto alikutwa kwa shangazi yake. Watu wakacheka, wakatawanyika. Hakuna aliyerudi kumwomba mama yule radhi, wala mimi sikuwaita. Jumapili iliyofuata nafasi yake kanisani ilikuwa wazi. Alihamia kwa ndugu zake, mbali, akafia huko. Jina lake nalihifadhi, lakini habari yake na iandikwe katika kitabu hiki cha jubilei, kando ya habari za majengo na kengele.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mtoto akipotea, taarifa ipelekwe polisi na kwa mwenyekiti wa kijiji, wala si kwa mpiga ramli. Mshirika akishutumiwa, wazee wa kanisa wawe wa kwanza kufika mlangoni pake, na waseme yale ambayo mimi sikuyasema. Na katika mafundisho ya kipaimara, Waebrania sura ya 10 ifundishwe kwa bidii: sadaka ilitolewa mara moja tu, nayo yatosha. Anayeamini hivyo haihitaji damu ya jirani yake, wala hana sababu ya kuiogopa nyumba ya mjane.

Mungu aubariki usharika wetu katika karne yake ya pili. Amina.