Aliyempa Funguo ni Nani?





Huenda mkashangaa kwamba katika semina ya Haki na Amani naanza na habari za televisheni. Oktoba 2023 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilionyesha tamthilia ya sehemu nne iitwayo The Reckoning. Yahusu Jimmy Savile, mtangazaji aliyependwa na taifa zima, ambaye baada ya kifo chake mwaka 2011 alijulikana kuwa alikuwa amewanajisi na kuwadhalilisha watoto na wagonjwa kwa miaka mingi. Ripoti ya polisi wa London ya Januari 2013 ilieleza kwamba watu wapatao 450 walijitokeza kutoa habari zao, na makosa 214 yakaandikishwa. Wengi walitendewa hayo wakiwa watoto.

Steve Coogan anamwigiza mtu yule kwa ustadi unaotisha, na hapo ndipo ilipo hatari ya michezo ya namna hii. Mtazamaji hukaa akimkodolea macho mwovu mmoja, kisha huzima televisheni na kusema, "Kumbe alikuwa shetani." Shetani akishapatikana, nyumba iliyomlea hushusha pumzi. Waandaaji walijaribu kuliepuka jambo hilo kwa kuwaweka mbele yetu baadhi ya waliotendewa, wakisema kwa vinywa vyao wenyewe. Lakini wahakiki walilalamika, nami nakubaliana nao, kwamba mchezo haukukaa vya kutosha juu ya aibu ya BBC yenyewe. Mwishoni mwa 2011 kipindi chake cha Newsnight kilikuwa kimemchunguza Savile, na uchunguzi ule haukurushwa. Kituo kingine ndicho kilichofichua mambo hayo Oktoba 2012.

Ndiyo maana mimi nauliza habari za funguo. Savile aliikusanyia hospitali ya Stoke Mandeville mamilioni ya paundi, na jengo jipya la wagonjwa wa uti wa mgongo likafunguliwa mwaka 1983. Nani angemkatalia kuingia wodini mtu aliyelijenga jengo? Katika hospitali ya Broadmoor, wanakotunzwa wagonjwa wa akili waliotenda makosa mazito, alikuwa na funguo hasa, za chuma, na mwaka 1988 serikali ikamweka katika kamati ya kuisimamia. Uchunguzi wa Stoke Mandeville uliotolewa mwaka 2015 ulikuta kwamba malalamiko kumi yalikuwa yametolewa wakati ule ule, moja likiwa la baba wa mtoto. Hakuna lililochukuliwa kwa uzito. Mgonjwa mmoja wa zamani wa hospitali hiyo hiyo ya Stoke Mandeville alisimulia kwamba wauguzi waliwashauri wajifanye wamelala mpaka Savile aondoke. Tafakarini shauri hilo. Waliolitoa walikwisha kujua.

Nasi Wakatoliki tusiitazame habari hii kama ya jirani. Savile alikuwa Mkatoliki. Mwaka 1990, mwaka ule ule aliopewa cheo na Malkia, alitunukiwa pia nishani ya kipapa ya Mtakatifu Gregori Mkuu. Misa yake ya mazishi iliadhimishwa katika Kanisa Kuu la Leeds. Ukweli ulipotoka, Askofu Mkuu Vincent Nichols aliiuliza Roma kama nishani ile yaweza kufutwa. Jibu lilikuwa kwamba heshima hiyo hufa pamoja na mwenyewe, na kwamba haikupasa kutolewa. Nishani ile ilitolewa kwa ajili ya sadaka zake. Sisi pia tunawajua wafadhili wetu kwa majina, na viti vya mbele tumewatengea.

Nisiwasemee Waingereza peke yao. Mwaka wangu wa pili wa upadre, mama mmoja alinijia jioni kuhusu binti yake na mtu aliyekuwa akitulipia mabati ya kigango. Nilimwambia tuliweke jambo hilo katika sala, tusije tukamchafulia mtu jina. Kusali tulisali. Mabati yakaezekwa. Mama yule hakurudi tena kwangu, na miaka kadhaa ilipita kabla sijaelewa kwamba siku ile nilimwambia binti ajifanye amelala.

Kwa hiyo, kabla ya mapumziko ya chai, naomba kila jumuiya ikae kando na kuandika majina ya watu wawili, na mmoja wao awe mwanamke, ambao mtoto anaweza kuwaendea bila kupitia kwangu, kwa katekista wala kwa mwenyekiti. Andikeni pia njia ya kwenda kituo cha polisi, na nani atalipa nauli. Mama Katibu atakusanya karatasi. Jina la mtu aliyetoa mchango mkubwa kuliko wote wa ujenzi wa kanisa msiliandike, hata kama ni mtu mwema.