Kusema Haja Yako Nyumbani kwa Watu: Wiki za Mwanzo za Wanafunzi Wetu katika Familia za Marekani



Semina zetu za maandalizi huwa zinaishia uwanja wa ndege. Tunazungumzia viza, chanjo, uzito wa mabegi, na zawadi za kuwapelekea wenyeji. Yanayofuata baada ya begi kuwekwa chini na mlango wa nyumba ya watu kufungwa, hayo tunamwachia kijana wa miaka 16 ayagundue peke yake, usiku wa kwanza, mbali na kila anayemfahamu. Mada yangu inaanzia hapo. Nitakaa zaidi kwenye jambo moja ambalo naamini linawaumiza watoto wetu kuliko baridi na kuliko chakula kigeni: hawasemi wanachokihitaji.

Nitatumia mfano wa programu ya Kennedy-Lugar YES, kwa kuwa ndiyo inayojulikana zaidi kwetu. Ilianzishwa mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, na inabeba majina ya maseneta wawili, Edward Kennedy wa Massachusetts na Richard Lugar wa Indiana. Serikali ya Marekani ilitaka vijana kutoka nchi zenye Waislamu wengi waende kuishi na kusoma kule, na Kenya na Tanzania zimekuwamo. Mwanafunzi huingia shule ya sekondari ya kule kwa mwaka mmoja wa masomo, na huishi katika familia iliyojitolea. Familia hiyo hailipwi. Wazazi, naomba mlizingatie hili kwa makini, maana hapo ndipo mtoto wetu anapoanza kufunga mdomo. Amelelewa kwamba mtu akikutendea wema usiodai malipo, kumwambia umepungukiwa na kitu ni kumvunjia heshima. Basi anashukuru, anatabasamu, na anavumilia.

Hebu tuitazame meza ya chakula cha jioni. Kwetu, mgeni akisema "ahsante, nimeshiba", hakuna anayemwamini. Mama mwenye nyumba atamwambia ongeza bwana, hujala kitu. Mgeni atakataa tena kwa heshima. Mama atamwongezea kijiko hata hivyo, na mgeni atakula. Kila mmoja ametimiza adabu yake na tumbo limejaa. Sasa mchukueni binti aliyelelewa hivyo mkamkalishe kwenye meza ya jikoni huko Iowa, saa kumi na mbili jioni, jua bado liko juu. Kuna bakuli la saladi, kuna mikate midogo, kuna kuku wa kuoka ambaye binti hajui amechinjwa vipi, kwa hiyo amechukua viazi tu. Mama wa nyumba anamuuliza kama angependa kuongeza. Anajibu hapana, ahsante. Bakuli linapita kwa anayefuata, na ndiyo limekwenda. Hakuna atakayerudia swali, kwa sababu kwa mama yule kumuuliza mtu mara ya pili ni kutoliheshimu jibu lake la kwanza. Saa tatu usiku binti yuko kitandani na njaa, na jikoni liko jokofu ambalo siku aliyofika aliambiwa alifungue wakati wowote achukue apendacho. Hajaligusa. Kwao mtoto wa watu hafungui makabati ya wenyewe.

Nimesimuliwa kisa hiki kwa sura nyingi na vijana waliorudi, wavulana kwa wasichana, wa bara na wa visiwani. Kinachonigusa ni kwamba katika karibu masimulizi yote familia ile, ilipokuja kujua, ilihuzunika sana. Walikuwa wakimwona mtoto anayekula kidogo na kuridhika. Walidhani wamemtosheleza.

Adabu yetu imejengwa juu ya jicho la mwenyeji. Mwenyeji ndiye anayetazamiwa kuona kwamba mgeni ana kiu, ana usingizi, anatafuta maji ya kutawadha. Mgeni kazi yake ni kutosumbua. Ni adabu nzuri na sitaki mtoto yeyote aiache. Lakini inahitaji watu wawili walioijua tangu utotoni. Katika nyumba ambamo kila mtu, hata mtoto wa miaka mitano, hufundishwa kutaja anachotaka kwa maneno, mtu asiyetaja huchukuliwa kuwa hahitaji. Na kijana wetu, kwa upande wake, huhesabu ukimya wa wenyeji kuwa hawamjali. Kila upande unamsubiri mwenzake, wiki zinapita.

Kosa hili tunalianza sisi wenyewe kabla mtoto hajapanda ndege. Katika maombi kuna barua ambayo mwanafunzi huiandikia familia itakayompokea. Nimesoma barua nyingi za namna hiyo, na zinafanana kama zimenakiliwa: mimi si mtu wa kuchagua, nakula kila kitu, naweza kuishi na mtu yeyote. Sisi walimu tunamsahihishia sarufi na kumsifu kwa unyenyekevu. Lakini barua ile ni miongoni mwa vitu ambavyo familia husoma inapoamua kumchukua mtoto gani. Aliyeandika kwamba anaweza kuishi na yeyote anaweza kupelekwa kwa yeyote. Aandike kwamba hali nguruwe, kwamba anasali mara tano kwa siku au kwamba Jumapili hakosi kanisani, kwamba amezoea nyumba yenye watu wengi na kelele, kwamba anaogopa mbwa. Familia inayoyasoma hayo na bado ikasema aje, hiyo imemtaka yeye kama alivyo.

Nimetaja mbwa, na sitaki nilipite jambo hilo haraka. Katika nyumba nyingi za Marekani mbwa huishi ndani, hulala kwenye kochi, hulamba mikono ya watoto. Kwa wengi wetu wa pwani, tuliofundishwa fiqhi ya Kishafii, mate ya mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kijana asiyesema kitu ataishi mwaka mzima akipita kando ya kuta kama mwenye kujificha, na familia itadhani anachukia mnyama wao wanayempenda. Anayesema siku ya pili au ya tatu kwamba kabla ya kusali anajitwaharisha, kwamba anaomba chumba chake kisiingiwe na mbwa na kwamba mlango atakuwa anaufunga kwa sababu hiyo, mara nyingi hukubaliwa papo hapo, tena kwa maswali mengi ya kutaka kujua. Ni vivyo hivyo kuhusu chombo cha maji chooni. Aseme tu kwamba sisi hutumia maji, aombe kopo au chupa. Ni aibu ya dakika moja.

Saa za sala zenyewe zinataka maelezo. Mtoto aliyezoea magharibi kuingia karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima atakuta kwamba Minnesota, mwishoni mwa Agosti, jua linazama karibu saa mbili usiku, na Desemba linazama kwenye saa kumi na nusu alasiri. Familia ambayo haijui haya itashangaa kwa nini mgeni wao anainuka mezani leo na kesho haondoki. Karatasi moja ya ratiba ya mwezi, iliyobandikwa jikoni kwa ruhusa yao, inamaliza habari hiyo.

Kuhusu shule nitapita kwa kifupi, maana vijana huzoea shule upesi kuliko tunavyodhani. Watahama darasa kila kipindi badala ya mwalimu kuhama. Watatazamiwa kumtazama mwalimu usoni wanapokosolewa. Ukiinamisha macho kwa heshima unaweza kudhaniwa unaficha jambo. Chakula cha mchana ni muda mfupi, na swali gumu pale ni nikae na nani. Nawashauri wajiunge na mchezo au klabu tangu wiki ya kwanza, hata kama hawajui kukimbia, kwa sababu timu humpa mtu mahali pa kukaa.

Taabu kubwa haiji wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza kila kitu ni kipya, watu wanampeleka huku na huku, anapiga picha. Inakuja pale ugeni unapoisha na uzoefu haujafika, wiki ya tatu hivi, ya nne. Kusikiliza Kiingereza cha kasi kutwa nzima kunachosha kichwa kweli kweli. Akirudi nyumbani hana nguvu ya kuzungumza. Anaingia chumbani. Huyu ni mtoto ambaye kwao alilala na ndugu zake chumba kimoja, pengine kitanda kimoja, na sasa ana kitanda chake na mlango wake. Anaufunga. Kule mlango uliofungwa maana yake ni kwamba mtu anataka kuwa peke yake, kwa hiyo hakuna atakayegonga. Ndani ana simu, na kwenye simu yuko mama.

Wazazi, nasema kwa mapenzi: hapa na ninyi mna sehemu yenu. Ukimpigia mwanao saa mbili usiku baada ya isha, kwake, kama yuko Iowa, ni karibu saa sita mchana, yuko shuleni. Basi mnapatana aamke alfajiri au akeshe, na kila siku anazungumza nawe saa nzima, analia, unalia, mnaagana. Machozi yale yalikuwa yamuongoze kwenda sebuleni kumwambia mtu kwamba leo siku yake imekuwa ngumu. Ameyamaliza kwako, na sebuleni hakwenda.

Yapo pia mambo ambayo si ya kuvumilia wala ya kuzoea. Kanuni za Marekani kwa wanafunzi hawa zinataka mratibu wa eneo, yaani anayemsimamia mwanafunzi kwa niaba ya programu, asiwe mbali zaidi ya maili 120 na nyumba ya familia, yaani kilomita 190 na ushei, na awasiliane na mwanafunzi angalau kila mwezi. Mwezi wa kwanza au wa pili, mwakilishi mwingine, tofauti na aliyeichagua familia hiyo, anapaswa kufika nyumbani kumtazama mtoto. Watu wazima wa nyumba hiyo huchunguzwa rekodi za uhalifu. Mtoto anastahili kitanda chake mwenyewe. Kijana akiguswa isivyostahili, akitishwa, akinyimwa chakula au akinyang'anywa pasi yake, amwambie mratibu siku hiyo hiyo, asingoje zamu ya mwezi. Na kuhamishwa familia si fedheha. Hutokea kwa watoto wazuri waliokaa na watu wazuri ambao hawakuelewana. Asirudi nyumbani akiwa na siri kwa kuogopa kuonekana asiye na shukrani.

Napendekeza mambo mawili, na yote yafanyike humu humu majumbani kabla ya safari ya Agosti. Katika mwezi wa mwisho, mama apakue mara moja tu. Asimbembeleze mwanawe, asimwongezee bila kuombwa, asimuulize mara ya pili. Anayetaka zaidi aseme kwa sentensi kamili, kwa Kiingereza, akimtazama mtu usoni: naomba wali zaidi, sijashiba, chumba changu kina baridi, leo nimechoka lakini ningependa kukaa nanyi. Siku za mwanzo itauma kwa pande zote mbili, hasa kwa bibi kama yupo nyumbani, na ni vizuri iume hapa, ambapo mtoto akishindwa bado atapewa.

La pili ni simu. Chagueni siku moja ya wiki. Jumamosi saa tatu asubuhi ya Iowa au Minnesota ni saa kumi na moja jioni hapa kwetu. Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha saa nyuma, na kuanzia hapo itakuwa saa kumi na mbili. Mzungumze kwa raha, kaka na dada wawepo, hata wa nyumba ile wakaribishwe waseme habari. Na mtoto akikulalamikia kwamba usiku anasikia baridi, au kwamba chakula hakimtoshi, muulize kwanza kama amemwambia mama wa pale. Akisema bado, mwambie akate simu, ashuke akaseme, kisha akupigie tena.