"Pronto" si "niko na nafasi"



Sitaongea sana. Nataka tuzungumze juu ya simu tunazopigia watu wa Italia: mabosi wa zamani, majirani, watu ambao bado wanashika karatasi zetu.

Mama mmoja wa chama alifanya kazi kule ya kuchunga mama muzee. Aliporudi, alihitaji "busta paga", ni kusema karatasi ya mushahara, ya miezi yake ya mwisho. Akapigia bosi wake simu. Bosi akaitika: "Pronto!" Mama alijua kwamba neno hilo maana yake ni "tayari", basi akamwaga shida yote palepale. Kumbe kwenye simu "pronto" ni kuitika tu, kama vile sisi tunasema "alo". Bosi alikuwa kwenye gari, anaendesha. Akakata. Mama akaona amedharauliwa, akakaa miezi miwili bila kupiga tena.

Tuliketi naye, tukajifunza maneno machache. Kwa mtu wa heshima: "Buongiorno, signora. La disturbo?" Ni kuuliza: ninakusumbua? Ao: "Ha un momento?", uko na dakika kidogo? Kwa rafiki: "Ciao, hai un momento?" ao "Puoi parlare?" Muangalie vizuri: "ha" ni ya heshima, "hai" ni ya kuzoeana. Na "Sei libera?" muichunge. Ni kweli inauliza kama mtu ana nafasi, lakini mwanamke usiyemzoea anaweza kusikia unamuuliza kama hana bwana.

Akijibu "Adesso non posso", hajakufukuza. Amesema tu: sasa siwezi. Uliza: "A che ora posso richiamare?", nipige tena saa ngapi? Akisema "alle due", usihesabu saa mbili yetu. Ni saa nane ya mchana. Tena, kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka mwisho wa Machi, huku mashariki ya Kongo tunawatangulia kwa saa moja: saa nane yao ni saa tisa yetu. Miezi mingine tuko sawa.

Mama akapiga tena kwa namna hiyo. Bosi akamwambia apige jioni. Jioni wakaongea vizuri, na karatasi ikatumwa.

Neno la mwisho ni kwenu, wafadhili. Ninyi pia mukipigia memba wetu, mumuulize kwanza: "Uko na nafasi ya kuongea?" Pengine yuko sokoni, ao kati ya watu wasiojua kwamba alirudishwa. Musipomuuliza, atawajibu "ndiyo, ndiyo" kwa kila kitu ili simu iishe, na ninyi mutaandika kwenye ripoti kwamba hana shida.