Bunduki za Karamoja

Mwezi Juni mwaka 2025 Rais Yoweri Museveni wa Uganda alitia sahihi sheria inayoruhusu tena raia kushtakiwa mbele ya mahakama za kijeshi kwa makosa kadhaa. Mojawapo ya makosa hayo ni kukutwa na silaha ambazo kwa kawaida ni za majeshi peke yake. Miezi michache tu kabla ya hapo, tarehe 31 Januari, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikuwa imeamua kwamba mahakama za kijeshi hazina uwezo wa kuwahukumu raia. Mjini Kampala mabishano yalihusu zaidi wanasiasa wa upinzani. Lakini iko sehemu ya Uganda ambako sheria hiyo inamgusa mchunga ng'ombe kabla ya mwanasiasa, nayo ni Karamoja.

Historia ya bunduki za Karamoja inafahamika. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, askari wa kambi ya Moroto walikimbia, na wafugaji wa Kimatheniko wakaingia katika bohari ya silaha na kujichukulia. Si kwamba bunduki zilikuwa hazijulikani huko. Kabla ya hapo vijana walikwisha kujitengenezea za kienyeji kwa mabomba ya chuma. Wala si kwamba watu wale hawakujua njia nyingine. Mwaka 1973 Wamatheniko na Waturkana walikutana Lokiriama, mpakani mwa Kenya na Uganda, wakazika silaha zao shimoni na kuapiana amani. Hakuna sheria ya bunge iliyowalazimisha kufanya hivyo.

Wanaotetea mkono mzito wa dola husema kwamba bunduki ndiyo chanzo cha mauaji, na ikiondolewa mauaji yatakoma. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, kwa kuwa wizi wa mifugo uliofanywa kwa mikuki haukuua watu kwa wingi kama unaofanywa kwa bunduki za rashasha. Hata hivyo, yaliyotokea mwaka 2001 na 2002 yanastahili kukumbukwa na kila mtunga sheria. Serikali iliwataka wafugaji wasalimishe silaha kwa hiari, ikiwaahidi plau na mabati, na bunduki zipatazo elfu kumi zikakusanywa. Mara jeshi likahamishwa kwenda kupambana na waasi wa Joseph Kony. Wabokora, waliokuwa wametii kuliko wengine, wakabaki mikono mitupu mbele ya jirani zao waliokuwa wameficha bunduki. Waliporwa ng'ombe wao, na wengi wa wanawake na watoto wao wakaishia kuombaomba katika mitaa ya Kampala. Baada ya hapo, ni mzee gani angemshauri mwanawe kuwa wa kwanza kusalimisha bunduki?

Kuanzia mwaka 2006 jeshi likabadili njia. Maboma yalizingirwa alfajiri na kupekuliwa, na mwaka 2007 watetezi wa haki za binadamu walitoa taarifa za vipigo na mauaji yaliyofanywa katika misako hiyo. Ng'ombe wakakusanywa katika mazizi kando ya kambi za askari, ambako malisho hayakutosha na maradhi yakaenea. Hata hivyo, haki isemwe: miaka ya amani ilifuata, barabara zikapitika. Kisha mwaka 2019 uporaji ukaanza upya, na mwaka 2021 jeshi likalazimika kuanzisha operesheni nyingine, iliyopewa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote. Mahakama ya kijeshi ilikaa Moroto, na vijana wengi wakafungwa.

Kwa nini uporaji ulirudi? Wako wanaojibu upesi kwamba ni mila. Jibu hilo halitoshelezi. Mila ya kutafuta ng'ombe wa mahari ni ya zamani, ila ng'ombe wa siku hizi haishii zizini kwa mporaji. Mara nyingi hupakiwa katika lori na kupelekwa sokoni, na mwenye lori hashiki bunduki wala hafikishwi mahakamani Moroto. Njaa nayo ipo, na mpaka upo. Mfugaji wa Karamoja aliyenyang'anywa silaha amezungukwa na Waturkana na Wapokoti wa Kenya na Watoposa wa Sudan Kusini. Ndiyo maana mwezi Mei 2023 Rais Museveni aliwapa Waturkana walioko Uganda miezi sita wasalimishe bunduki zao, ama wafukuzwe. Kenya nayo, mwezi Februari mwaka huohuo, ilikuwa imepeleka jeshi lake katika majimbo ya kaskazini ya Bonde la Ufa kuwasaka majambazi wa mifugo.

Mwaka 2004 nchi za eneo hili zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi, zikaahidi kuoanisha sheria zao, kuzitia alama silaha za serikali na kutunza kumbukumbu zake. Kipengele hicho cha kumbukumbu si kidogo. Watafiti waliochunguza alama za risasi huko Turkana walionyesha mwaka 2008 kwamba sehemu ya risasi za wafugaji ilitoka kwa polisi wenyewe.