Kumtambua Fundi Kabla ya Kumsajili

Ndugu Mwenyekiti, wahandisi, makandarasi, walimu wa vyuo vya ufundi, na ninyi mafundi mlioketi kule nyuma karibu na mlango. Nawasalimu wote, ila wa kule nyuma nawasalimu mara mbili. Sisi wengine tukitoka hapa tutasaini karatasi ya posho. Ninyi kuja hapa kumewatoa kwenye kibarua, na kesho mkirudi saiti huenda mkakuta mwiko umeshashikwa na mwingine. Mada yangu imo humo.

Tuanze na kibao. Saiti yoyote ya maana hapa Tanzania ina kibao mbele: mwenye mradi, mbunifu majengo, mkadiriaji majenzi, mhandisi, mkandarasi. Kila jina lina bodi nyuma yake. Mhandisi ana Bodi ya Usajili wa Wahandisi kwa Sheria Na. 15 ya 1997, mkandarasi ana Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa Sheria Na. 17 ya mwaka huohuo, na wabunifu majengo pamoja na wakadiriaji majenzi wana bodi yao kwa Sheria Na. 4 ya 2010. Hata fundi sanifu ana nafasi yake kwenye daftari la wahandisi. Sasa ingia ndani ya uzio. Aliyefunga nondo za nguzo, aliyesimamisha mbao za zege, aliyepanga tofali kozi kwa kozi na aliyepaua, hao hawamo kwenye kibao, wala hakuna daftari linalowalazimu kuwamo. Msimamizi anawajua kwa majina ya utani na namba za simu. Simu ikipotea, fundi naye kapotea.

Najua jibu la makandarasi: fundi ni mtu wetu, sisi tunasimama badala yake. Jibu hilo lingetosha kama mafundi wangekuwa waajiriwa wa kudumu. Lakini fundi wa Dar es Salaam anaweza kupita kwa makandarasi watano ndani ya mwaka mmoja, na katikati akajenga nyumba mbili tatu za watu binafsi huko Kivule au Chanika ambako mkandarasi hajawahi kukanyaga. Kwenye nyumba hizo bodi ni yeye na mhandisi ni yeye. Mwenye nyumba alimpata kwa kuuliza jirani, na asipokuwa na bahati anampata yule ambaye mitaani tunamwita fundi maiko: kila kazi anaijua, hakuna kazi anayoimaliza.

Jengo la ghorofa 16 lilipoanguka mtaa wa Indira Gandhi tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, na jengo la Kariakoo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024 na kuua zaidi ya watu 20, maswali yalikwenda kwa wenye majengo, wahandisi na waliotoa vibali. Ni sawa yaende huko. Sikusudii kuwaongezea mafundi mzigo usio wao. Ninachotaka kusema ni kwamba fundi ndiye macho ya kwanza ya jengo. Anayefunga nondo ndiye anayejua zimepungua. Anayemwaga zege ndiye anayejua limezidishwa maji ili liteleze haraka kwenye ndoo.

Miaka ya nyuma nilikuwa msaidizi wa msimamizi kwenye jengo moja ambalo sitalitaja. Tulikuwa tunamwaga jamvi la ghorofa ya pili. Mwashi mmoja, mtu mzima, akaacha karai chini akasema zege hili limekuwa uji. Bosi hakubishana naye kuhusu zege. Alimwonyesha geti. Mzee akatazama geti, akatuangalia sisi vijana, akaokota karai lake. Mimi niliyekuwa na cheti cha chuo nilinyamaza, na yeye aliyekuwa na miaka thelathini ya kazi hakuwa na kitu mkononi cha kumfanya bosi asite. Mhandisi akikataa kusaini, kukataa kwake kuna uzito kwa sababu jina lake liko kwenye daftari na anaweza kulipoteza. Fundi hana jina la kupoteza, kwa hiyo hana pia sauti ya kukataa. Tukizungumzia usajili tufikirie hilo kwanza, kabla ya ada na vitambulisho.

Zamani utambuzi ulikuwepo, tena haukuwa na mzaha. Neno mwanagenzi ni la Kiswahili, halikuja na mradi wa wafadhili. Katika pwani yetu kijana alikabidhiwa kwa fundi na wazazi wake, akaanza kwa kufagia na kuchota maji, akashikishwa zana polepole, na alipohitimu mwalimu wake akapewa kilemba. Kilemba kilikuwa ada, lakini kilikuwa pia tangazo. Mji mzima ulijua fulani ametoka mikononi mwa fundi fulani, na akiharibu kazi, aibu inamrudia aliyemfunza. Leo kijana anaanza kama saidia fundi, anachanganya udongo miezi kadhaa, siku moja fundi hakuja, anashika mwiko. Siku hiyohiyo amekuwa fundi. Hakuna aliyemkabidhi wala atakayeulizwa.

Serikali haikulala kabisa. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, ilianzishwa kwa Sheria Na. 1 ya 1994, na wazee humu ndani wanakumbuka majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Wengine bado wanavihifadhi vyeti hivyo ndani ya nailoni. Baadaye ukaja utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao VETA iliuanza kwa kushirikiana na Shirika la Kazi Duniani. Nauona kama jambo bora zaidi lililofanyika katika eneo hili. Fundi aliyejifunzia kazini haambiwi arudi darasani miaka miwili. Anahojiwa, anaonyesha kazi zake, anapimwa kwa vitendo, pengo likionekana anapewa mafunzo mafupi ya kuliziba, kisha anapewa cheti.

Niliwahi kushuhudia upimaji wa namna hiyo. Mwashi wa makamo aliambiwa ainue kona ya ukuta. Alining'iniza timazi, akalaza pima maji, akainua kona iliyonyooka kuliko ya chuoni, na akamaliza mpimaji akiwa bado anajaza fomu. Kisha akapewa ramani. Akaigeuza juu chini, akaigeuza tena, akasema, "Mwanangu, hii mimi nasomewa." Hilo ndilo pengo halisi la mafundi wetu wengi. Mkono unao kila kitu, karatasi inawapiga chenga. Siku chache za kusoma ramani zilitosha, akapata cheti.

Swali ni nini kilifuata. Nilipokutana naye mwaka uliofuata nilimuuliza cheti kimemsaidia nini. Akacheka. Kiko kwenye fremu, sebuleni. Ujira ni uleule, wanaomwita ni walewale. Hapa ndipo tunapokosea. Agizo la kima cha chini cha mshahara la 2022 lilipanga mishahara ya sekta ya ujenzi kwa kufuata daraja la mkandarasi. Tafakarini jambo hilo. Kipimo kilikuwa ukubwa wa kampuni, si ujuzi wa mkono. Mwashi bora kuliko wote nchini, akiwa kwa mkandarasi wa daraja la saba, kisheria kima chake kilikuwa chini ya cha mtu anayeanza kazi kwa mkandarasi wa daraja la kwanza. Cheti kisichogusa ujira kitabaki pambo la ukutani.

Upande wa fidia ni vivyo hivyo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa sheria ya 2008. Lakini kibarua aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa na jina lake haliko kwenye orodha ya mwajiri, atatafutiwa bodaboda, atachangiwa na wenzake, na mwezi wa pili atasahauliwa.

Sasa nije kwenye usajili wenyewe, na niwe mkweli: nauogopa ukija peke yake. Fani moja tayari tunayo ya kujifunzia. Fundi umeme anatakiwa kuwa na leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, yenye daraja lake, na TANESCO haiunganishi nyumba bila fomu iliyojazwa na mwenye leseni. Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri. Mtaani sote tunajua kinachotokea: nyaya anazivuta fundi asiye na leseni, halafu mwenye nyumba anatafutiwa mtu wa kugonga mhuri ambaye pengine hajawahi kuiona nyumba hiyo. Mhuri umekuwa bidhaa. Kwa nini? Kwa sababu tulianza na leseni kabla hatujawafikia mafundi wenyewe kule walipo. Aliyekuwa anajua kazi na hana karatasi hakuacha kazi, alitafuta karatasi ya kuazima. Tukilazimisha waashi, maseremala na mafundi bomba wote wajisajili kesho asubuhi, tutazalisha mihuri ya kuazima kwa kila fani, na polisi jamii watapata sababu mpya ya kusimama getini.

Wenzetu wa Kenya waliliandika jambo hili kwenye sheria. Sheria iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi mwaka 2011 inaipa mamlaka hiyo, pamoja na kusajili wakandarasi, jukumu la kuwathibitisha mafundi stadi na wasimamizi wa saiti. Kuandika si kutekeleza, na Nairobi pia majengo yameanguka. Ila angalau mlango wao upo, na sisi tunapobisha hatujui hata ni ukuta upi. Tena tumo kwenye Soko la Pamoja la Afrika Mashariki tangu 2010. Mwaka 2012 wahandisi wa Kenya, Uganda na Tanzania walitiliana saini makubaliano ya kutambuana. Lakini mwashi wa Tanga anayevuka mpaka wa Horohoro kwenda kujenga Mombasa anavuka na mwiko na jina la shemeji yake.

Kuna mafundi ninaowahofia zaidi kwa sababu mitaala ya uashi wa saruji haiwaoni vizuri. Ni wale wa majengo ya kale ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, wanaojua chokaa inalowekwa muda gani, boriti ya mkoko inabeba nini, na kwa nini saruji ikipakwa juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe inaufungia unyevu ndani na kuumomonyoa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib la hukohuko iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakafa. Sababu za tukio lile waachiwe wachunguzi. Mimi nasema tu kwamba mpimaji wa ujuzi akienda Unguja na fomu ya mchanganyiko wa saruji na mchanga, mzee wa chokaa atafeli. Na kosa litakuwa la fomu.

Basi tuanzie wapi? Mapendekezo ya kuunda bodi mpya nimeyasoma, siyaungi mkono. Bodi tunazo za kutosha, na kila bodi mpya huanza kwa kununua magari. Napendekeza tuanze pale ambapo Serikali yenyewe ni mteja wa fundi.

Mnakumbuka fedha za UVIKO-19, zile shilingi trilioni 1.3 zilizotoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Ndani yake yalijengwa madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kila darasa kwa shilingi milioni 20, na mengi yake kwa utaratibu wa fosi akaunti. Maana yake kamati ya shule au ya kijiji ilinunua vifaa yenyewe na kuchagua fundi yenyewe. Iliwachaguaje? Kwa sifa, kwa undugu, kwa aliyetaja bei ya chini. Kamati hazikuwa na orodha ya kuangalia, na zilipomaliza hazikuacha orodha kwa waliofuata. Tulikuwa na mtihani mkubwa wa vitendo wa mafundi wa vijijini, nchi nzima, na hatukuandika matokeo.

Matokeo hayo bado yanaweza kusomwa. Mhandisi wa halmashauri na mpimaji wa ujuzi waende shule kwa shule. Waangalie nyufa, lenta, sakafu na paa, kisha waulize: nani alijenga hapa? Aliyejenga vizuri aandikwe kwa namba yake ya NIDA, fani yake na kazi yake, apewe cheti bila kulipa, na kazi ya fosi akaunti inayofuata katika halmashauri hiyo itolewe kwa waliomo kwenye daftari hilo. Aliyejenga ovyo apewe mafunzo, asipotaka abaki nje. Mafundi wengine wakiona daftari linaleta kazi, watakuja wenyewe bila kutishwa na faini. Hapo ndipo usajili wa lazima utakapokuwa na miguu, na agizo la mshahara litakuwa na madaraja ya ujuzi ya kushika.

Wengi wa waliojenga madarasa yale bado wako kwenye kata zao, na kuta zao ziko wazi kukaguliwa. Naomba semina hii iazimie tuanze na hao.