Huduma ya Kutiana Moyo

(Neno lililotolewa katika ibada ya shukrani kabla ya harambee ya mwaka)

 

Sisi wa kamati ya fedha mmezoea kutuona na karatasi za mapato na matumizi. Leo tumepewa dakika chache za neno, na tumeona tuanzie pale tunapopafahamu: kwenye orodha ya wachangiaji.

Mtume Paulo naye alikuwa mchangishaji. Katika Warumi sura ya 15 anaeleza kwamba watu wa Makedonia na Akaya wamewachangia maskini walioko Yerusalemu, na kwamba yeye yuko njiani kuupeleka mchango huo. Sura ya 16 inayofuata ni orodha kweli, yenye majina zaidi ya ishirini, lakini hakuna kiasi cha fedha hata mahali pamoja. Anamtaja Fibi, aliyewasaidia wengi. Anawataja Prisila na Akila, waliohatarisha maisha yao kwa ajili yake. Anamtaja Persisi kwa bidii yake ya kazi, na mama yake Rufo, ambaye Paulo anamhesabu kuwa mama yake pia. Hata Tertio, aliyeshika kalamu kuiandika barua, anapata nafasi ya kutoa salamu zake. Hebu fikirini barua hiyo inasomwa mbele ya waumini, na mama mmoja pale nyuma anasikia jina lake likitajwa pamoja na kazi aliyoifanya.

Kwa Paulo, kuchangisha fedha na kuwatia watu moyo zilikuwa kazi za mtumishi mmoja, katika barua moja. Hilo ndilo tunalotaka kulisema leo.

Mtu anayetufundisha zaidi jambo hili ni Yusufu, Mlawi wa Kipro, ambaye mitume walimwita Barnaba, yaani mwana wa faraja. Tunakutana naye katika Matendo sura ya 4, anauza shamba na kuleta fedha yote kwa mitume. Tunaotoka kwenye vihamba tunajua uzito wa kuuza shamba. Lakini sura ya 9 inatuonyesha toleo la pili. Sauli amefika Yerusalemu, na wanafunzi wanamkimbia. Walikuwa na sababu, kwa kuwa huyo ndiye aliyekuwa akiwaburuta wenzao gerezani. Barnaba akamchukua, akampeleka kwa mitume, akasimama kumweleza.

Sisi wa hesabu tunaona udhamini hapo. Anayemdhamini mwenzake benki huweka saini yake akijua kwamba mambo yakiharibika atafuatwa yeye. Barnaba alikuwa na jina jema, akaliweka rehani kwa ajili ya mtu ambaye jina lake lilikuwa limeharibika. Hapo ndipo kutia moyo kunapoachana na kusifia. Sifa anaweza kuitoa mtu yeyote kisha akaenda zake. Anayetia moyo anabaki, na sehemu ya hatari inakuwa yake.

Tazameni matokeo. Katika sura ya 11 Barnaba anakwenda Tarso kumtafuta Sauli, anamleta Antiokia, wanafundisha pamoja mwaka mzima. Njaa inapotangazwa, waumini wa Antiokia wanachanga kwa ajili ya ndugu wa Uyahudi. Fedha hizo wanakabidhiwa Barnaba na Sauli wazipeleke. Mtu aliyekuwa akikimbiwa sasa anabeba mfuko wa kanisa! Na wamepewa wawili, kama nasi tunavyotaka benki iwe na watia saini zaidi ya mmoja.

Baadaye, katika sura ya 15, Barnaba alimtetea Yohana Marko, kijana aliyewaacha katikati ya safari. Paulo alikataa kwenda naye tena, wakatofautiana hadi wakaachana njia. Atakayesema kwamba Barnaba alimtetea binamu yake hakosei, maana waraka kwa Wakolosai unaonyesha undugu huo. Lakini Sauli hakuwa binamu yake, na alimtetea vilevile. Na mwishowe Paulo mwenyewe, katika waraka wa pili kwa Timotheo, anaomba aletewe Marko kwa kuwa anamfaa kwa utumishi.

Ndugu zetu, kwetu Upare tuna msaragambo. Ndiva zinazomwagilia mashamba yetu hazikuchimbwa na tajiri mmoja. Zilichimbwa na watu wengi, kila mmoja akijua kwamba asipoonekana ataulizwa yuko wapi. Kuulizwa yuko wapi ni jambo kubwa, kwa sababu maana yake ni kwamba kukosekana kwako kumeonekana.

Siku hizi wengi wetu tuko Dar es Salaam, Arusha, Dodoma na kwingineko. Fedha tunaituma kwa simu, na inafika kabla hatujaweka simu mfukoni. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kuna mama kule mlimani ambaye mwezi mzima neno pekee analolipata kutoka kwa watoto wake ni ule ujumbe wa kampuni ya simu unaomwambia amepokea kiasi fulani na salio lake ni kiasi fulani. Anaishi, anakula, na ni mpweke.

Tuwatazame wengine wanne ambao kila kijiji chetu kinao.

Wa kwanza ni mwalimu au muuguzi mgeni aliyepangiwa kituo kule juu. Tunaweza kujenga nyumba ya mtumishi kwa michango yetu, ikaezekwa vizuri, naye akaomba uhamisho kwa sababu hakuna aliyemkaribisha hata chai. Nyumba hiyo itabaki na kufuli.

Wa pili ni kijana aliyepata sifuri kidato cha nne. Matokeo yanapotoka, aliyefaulu hupigiwa simu na ukoo mzima. Huyu hujifungia ndani. Anahitaji mtu mzima mmoja akae naye, amweleze kwamba anaweza kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, au akajifunza ufundi VETA, kisha amfuatilie mpaka fomu ijazwe.

Wa tatu ni mjane. Siku za msiba nyumba hujaa watu na sufuria. Arobaini ikipita, hodi huwa chache. Anayekwenda mwezi wa tatu, akakaa nusu saa bila haraka, anafanya huduma ambayo mchungaji peke yake hawezi kuimaliza.

Wa nne ni mwanachama mwenzetu aliyeacha kuja vikaoni kwa sababu anadaiwa ada. Kwenye daftari letu yeye ni mdaiwa, na daftari ni lazima liseme kweli. Lakini Paulo alipomwandikia Filemoni habari za Onesimo hakudai kwamba hakuna deni. Alisema kama lipo, liandikwe juu yake, yeye atalilipa. Hesabu ikabaki safi, na mtu akarudi nyumbani. Katika chama chetu wapo wanaoweza kulipa ada ya mwenzao mmoja kimyakimya, kisha wakampigia simu na kumwambia tu, “Jumapili tunakutana, njoo tukae pamoja.”

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji cheo, kipaza sauti au chuo cha Biblia. Yanahitaji muda, nauli wakati mwingine, na utayari wa kusimama na mtu kabla hajafanikiwa. Akishafanikiwa atakuwa na marafiki wa kutosha.

Kwa hiyo tuna ombi. Kwenye fomu ya ahadi mliyo nayo mkononi, chini ya mstari wa kiasi, tumeacha mstari mmoja mtupu. Kiasi kijazeni kama Mungu alivyowajalia, na msipunguze kitu, maana mabati hayanunuliwi kwa maneno matamu. Kwenye mstari ule mtupu kila mmoja aandike jina la mtu mmoja wa nyumbani atakayesimama naye mwaka huu. Sehemu hiyo ya chini ikateni mwondoke nayo, muiweke ndani ya Biblia. Kamati haitaikusanya wala kuikagua.

Yatakayoingia benki tutayatolea taarifa mwakani, shilingi kwa shilingi. Ya mstari ule wa chini mtaulizwa na wenyewe, mtakapopanda mlimani Krismasi.

Mungu awabariki, na aibariki kazi ya mikono yenu. Amina.